Neutrofili Haina Mfuko

Mpaka leo nikiwa dukani kwangu Tunduma, nikisikia mtu anaita "Neutrofili!" kutoka ng'ambo ya barabara, naacha kupima mchele na kusimama wima. Wateja wangu wanaovuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wameshazoea. Mama mmoja wa huko, mnunuzi wangu wa muda mrefu, aliwahi kuniuliza kama hilo ni jina la ukoo au la ubatizo. Nikamjibu ni jina la shule, nilipewa na mwalimu wangu wa Baiolojia, na duniani kote anayeniita hivyo ni yeye peke yake.

Mwalimu hakushika majina ya nyumbani. Alikujua kwa kiungo au seli uliyowahi kuigiza uwanjani, na ukishapewa hiyo, unazeeka nayo. Mchungaji wa kijijini kwetu Ruanda, huko Mbozi, mtu mwenye kipara na heshima zake, kwake ni Kongosho. Dereva wa basi la Mlowo kwenda Mbeya ni Goti. Niliwahi kumwona mke wa diwani akishuka kwenye gari mbele ya watu wa kampeni, Mwalimu akapaza sauti, "We Wengu! Mama yako hajambo?" Yule mama akainama kidogo na kujibu, "Hajambo, Mwalimu, shikamoo." Watu wakacheka, naye ikabidi acheke nao.

Alikuwa mrefu, mkavu, na kila siku alivaa tai na gambuti. Tai ilikuwa ya darasani, gambuti za shambani, na kwa kuwa alitoka shambani kuja darasani kisha akarudi shambani, hakuona kwa nini ajisumbue kubadili. Alitoka milima ya Ileje, upande wa Ikinga, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kama njia za huko. Alipofika mahali patamu pa somo, sauti ilipanda mlima kabisa, na sisi darasani tulipanda nayo bila kujua. Kanisani aliimba besi, lakini besi yake ilikuwa na tabia ya kumaliza wimbo baada ya wenzake, maana hakupenda kuacha jambo njiani.

Mtu huyu alijaa mambo yasiyopatana. Alituhubiria kuchemsha maji ya kunywa mpaka tukawa tunamwogopa mdudu kuliko fimbo, lakini akienda kwao Ikinga alipiga magoti mtoni na kunywa kwa viganja. Ukimuuliza, alikujibu, "Maji ya Ileje hayana wadudu, yana ukoo." Alifundisha chanjo kwa mapenzi makubwa, na siku wauguzi walipokuja shuleni kuchanja alitoa hotuba nzima ya kututia moyo. Muuguzi aliposema walimu nao wapange mstari, Mwalimu hakuonekana. Mkewe, ambaye shule nzima tulimwita Mama, ndiye aliyemkuta ghalani nyuma ya magunia ya mahindi, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Toka huko, mume wangu, sindano haiumi kuliko aibu." Akatoka, akachanjwa macho yamefumbwa, kisha akarudi kuendelea na hotuba palepale alipoiachia.

Kwenye kusahihisha alikuwa na mtindo wake mwenyewe. Maswali ya papo kwa papo hakuyaandikia alama popote ila kiganjani mwako, kwa kalamu nyekundu. Alishika mkono, akauandika polepole, akaupuliza ukauke, na kusema, "Usinawe mpaka mama yako aione." Wenye kumi walitembea kijiji kizima wameinua mkono wakisalimia hata mbuzi. Wenye sifuri walipitia mtoni. Lakini Mwalimu alikuwa akija kanisani Jumapili anawauliza wazazi, "Mama Fulani, umeiona alama ya Jumatano?" na hapo ndipo wanaopitia mtoni walipokiona cha moto.

Sasa nieleze uwanja. Kila mwaka, kidato cha pili kikifika kwenye somo la damu, Mwalimu alichukua majivu ya jikoni kwa Mama na kuchora mwili wa mtu kwenye uwanja wa mpira, kichwa golini huku, miguu golini kule. Tuligawiwa kazi. Wengine figo, wengine maini, wengine chembe nyekundu za damu wanaozunguka wakibeba ndoo. Halafu alisema, "Askari, vueni masweta!" Sisi askari tulibaki na mashati meupe, maana seli nyeupe lazima ziwe nyeupe, na Mbozi mwezi wa sita asubuhi baridi inakata. Tulitetemeka tukingoja adui.

Mimi niliwekwa neutrofili kwa sababu nilikuwa na mbio. Mwalimu alitueleza kazi yetu kwa heshima, utadhani anamtambulisha mgeni rasmi. Neutrofili ndizo nyingi kuliko seli nyeupe nyingine zote. Zinazaliwa ndani ya mifupa, zinaishi muda mfupi, na mwiba ukiingia mguuni zenyewe ndizo zinazofika kwanza. Zinammeza kijidudu, zinammwagia sumu, na zikimaliza kazi zinakufa papo hapo, na ule usaha unaoutoa kwenye jipu umejaa maiti zao. "Usikunje uso ukiona usaha," alisema. "Vua kofia. Hao ni mashujaa." Kwa hiyo baada ya kupigana tulitakiwa tulale kwenye nyasi tufe. Kila mtu alitaka kuwa usaha, maana usaha haukukimbia tena mpaka kengele.

Kanuni yake moja tuliiimba kabla ya mchezo kuanza. Yeye alisema, "Ukiona askari wengi?" Nasi tukajibu, "Vita inakwenda vizuri!"

Mwaka wetu kijidudu alikuwa mvulana mmoja wa Isongole aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake pale Ruanda. Alikuwa mnene, hakuwa na mbio, na alijua kabisa kwamba nikimfuata hafiki hata gotini. Basi alikuja na kiazi kitamu cha kuchemsha, bado cha moto, amekifunga kwenye jani la mgomba. Mimi sikuwa nimekunywa chai, baridi ilikuwa imeniingia hadi kwenye meno, na harufu ile ikanifikia kabla yake. Tulielewana haraka. Nikasimama pembeni nikila, akakaa zake karibu na ini akajinyoosha. Na hapo ndipo nilipoongeza chumvi. Askari wenzangu walipokuja mbio kumkamata, nikatandaza mikono na kuwaambia, "Huku nimeshamaliza, rudini, kumetulia." Wakarudi. Wengine nikawaambia wakapumzike. Kijidudu akakaa mpaka kengele ikalia, na mtu wetu wa majivu, kwa hesabu za mchezo, akawa amekufa.

Mwalimu alikuja na gambuti zake akitoa mvuke. "Wewe! Neutrofili gani inakula kiazi?"

"Nilikuwa na njaa, Mwalimu."

"Neutrofili haina njaa! Neutrofili haina mfuko! Haina mkono wa kupokea! Umeshawahi kuona wapi askari wa damu anahongwa?"

Nikamjibu kitoto, ila kwa ukweli wangu wote, "Mwalimu, kama ni askari, si anaweza kuhongwa?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alishika kiganja changu, akaandika sifuri kubwa kama sahani, akapuliza. "Usinawe mpaka mama yako aione," akasema.

Sikupitia mtoni, maana nilijua Jumapili ingefika. Mama yangu aliiona, akaniuliza habari, nikamweleza yote. Akanitazama, akauliza, "Na kiazi chenyewe kilikuwa kitamu?" Nikasema kilikuwa kitamu. Akaniambia nikachote maji.

Toka siku ile "Neutrofili haina mfuko" ikawa methali ya shule. Mtu akisingiziwa wizi, anajitetea hivyo. Kiranja akikataa rushwa ya karanga, anasema hivyo. Mwalimu mwenyewe aliitumia kwa miaka, na kila alipoitumia aliniangalia, hata nilipokuwa mtu mzima nimekaa kanisani na watoto wangu.

Alistaafu, akabaki na kahawa zake pale Ruanda. Kustaafu hakukumpunguza lolote. Alianza kufundisha miti ya kahawa. Aliiongelesha, akaikemea, akaipa na alama. Na kwa kuwa wizi wa kahawa mbivu ulikuwa umezidi, watu wanachuma usiku kwenye shamba la mwenzao, wanakijiji walimpa kazi ya kupanga sungusungu wa msimu. Hapo alijipata. Aliwagawa vijana kwa pande, wa juu na wa chini, akawapa kila upande filimbi. Kanuni ilikuwa nyepesi. Ukipiga moja, huku shwari, wenzako wasije. Ukipiga mfululizo, njooni wote. Yeye mwenyewe alilala akizisikiliza, na asubuhi alimwambia Mama, "Leo wa upande wa chini wamepiga sana. Hao ndio vijana." Kanisani aliwasimamisha wapigiwe makofi.

Msimu uleule ndipo alipoanza kuona damu chooni.

Mtu mwingine angeficha. Mwalimu alitangaza. Aliongea habari za kinyesi chake mezani wageni wakila, kwa utulivu wa mtu anayesoma hali ya hewa, mpaka Mama akamnyang'anya kijiko. Walikwenda Mbeya hospitali, wakampima, na ikaonekana ana uvimbe kwenye utumbo mpana. Ilikuwa saratani. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliwaambia uvimbe bado haujatembea, ukatwe mapema, kisha zifuate dawa.

Nilipopata habari nilifunga duka nikaenda Ruanda. Nilitegemea kukuta nyumba ya kilio. Nikakuta jogoo anachinjwa.

"Neutrofili! Karibu!" Mwalimu alikuwa barazani, tai shingoni, uso unang'aa. "Umekuja siku yake. Wamenipima damu. Unajua wamekuta nini? Wenzako! Wamejaa! Wamepita kiwango! Jeshi limeamka, binti. Ukiona askari wengi?"

Nilimtafuta Mama kwa macho. Mama alikuwa nyuma yake amebeba bakuli, akanitikisia kichwa.

"Ukiona askari wengi?" akarudia.

"Vita inakwenda vizuri, Mwalimu," nikasema. Ningesema nini na jogoo ameshakufa?

Jikoni Mama alinieleza yaliyobaki. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba wingi wa neutrofili una sababu nyingi, na kwa mgonjwa wa saratani si jambo la kushangilia. Uvimbe wenyewe hutoa ishara za kuziita kutoka kwenye mifupa. Zinakuja kwa nia njema, lakini zikishakaa pale uvimbe unaweza kuzigeuza. Zilizogeuzwa haziupigi tena. Zinawazuia askari wengine, zile seli T ambazo ndizo hasa zinazoweza kuiua saratani, zinawatuliza na kuwachosha wasiuguse. Nyingine zinausaidia uvimbe kuotesha mishipa ya damu na kupata njia ya kwenda sehemu nyingine za mwili. Mwalimu alimsikiliza daktari mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, neutrofili haina mfuko." Akainuka, akachukua kofia yake. Alisema atarudi akimaliza kuvuna, maana jeshi lake liko kazini na kisu cha nini.

"Mwanangu, huyu atakufa kwa somo lake mwenyewe," Mama aliniambia. Alikuwa anachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Mimi nimesema, mchungaji amesema, watoto wamepiga simu. Anatufundisha sote."

Nilirudi Tunduma nikiwa na hofu na hasira. Nilimpenda mzee yule, na nilimwona anakwenda shimoni huku anachekelea. Msimu wa kahawa si wiki moja, na uvimbe hausubiri mtu avune. Kila siku niliyompigia simu aliniuliza habari za mpakani, malori yamepanga foleni mpaka wapi, unga umepandaje, na nikigusa hospitali alianza kuimba besi.

Kilichomtoa Ruanda hakikuwa daktari wala maombi. Zilikuwa filimbi.

Asubuhi moja alishuka upande wa chini wa shamba lake na kukuta mikahawa imebaki majani. Mstari baada ya mstari, mbivu zote zimekwenda. Wa upande wa juu, ambao filimbi zao zilikuwa chache, kahawa yao ilikuwa salama. Wa upande wa chini, waliopiga filimbi usiku kucha wakapigiwa makofi kanisani, shamba lao lilikuwa jeupe. Vijana wawili wa zamu ya upande huo waliitwa ofisi ya kijiji, na haikuchukua muda wakasema kweli. Wezi waliwafuata kwa upole, wakawaletea kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, wakawapigia na soga. Basi vijana wakala, na wakati wezi wanachuma, wao wakapiga filimbi moja moja kwamba huku shwari. Walinzi wa juu waliposikia tawi linavunjika wakataka kushuka, hawa wakapiga tena, na wale wakarudi kulala. Mwishowe waliwashikia wezi tochi na kuwaonyesha kichochoro cha kutokea barabarani.

Kijiji kilitaka kuwachapa. Mwalimu akainua mkono, akasema ana maswali. Mama alikuwepo, ndiye aliyenisimulia.

"Mliwazuia wenzenu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa filimbi niliyowapa mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Tusamehe."

"Na mimi nikilala kitandani nikisikia filimbi nyingi, nikawa nafurahi."

Hapo, anasema Mama, alianza kucheka, mpaka mwenyekiti akadhani amezidiwa na ugonjwa. Alicheka akishika tumbo lenye uvimbe, akacheka mpaka tai ikapinda, na watu wakaanza kucheka bila kujua wanacheka nini. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema kila siku, lakini mzee yule ilimbidi apoteze nusu ya kahawa ndipo methali imwingie.

Simu yangu ililia nikiwa namfungia mteja gunia.

"Neutrofili. Siku ile uwanjani. Ulipewa nini?"

Nilijua siku gani bila kuuliza. "Kiazi kitamu, Mwalimu. Cha moto."

"Ukakaa karibu na wapi?"

"Karibu na ini."

"Na wenzako walipokuja, uliwaambiaje?"

"Niliwaambia kumetulia, warudi."

Nikasikia anapumua. Nikasikia na kuku wa Mama wakilia nyuma yake. Kisha akasema, "Haya," akakata. Kesho yake walikuwa kwenye basi la Mbeya, na Goti mwenyewe ndiye aliyekuwa usukani.

Walimkata uvimbe, na baada ya kupona kidonda zikaanza dawa za dripu. Nilimtembelea. Mtu aliyejificha nyuma ya magunia kwa sababu ya sindano moja sasa alikuwa na sindano mkononi karibu kila alipokwenda pale, na bado alifumba macho. Lakini kilichomkera zaidi ni kwamba dawa zile zilizipunguza neutrofili zake zote, nzuri na zilizogeuzwa, na daktari akamkataza kukaa na watu wengi asije akaambukizwa. Watu wa Ruanda walimsalimia dirishani. Alikaa ndani, shuka mabegani, akiwafundisha kupitia kioo.

"Mnaona sasa," alisema kwa sauti ambayo haikupanda tena mlima vizuri. "Baadhi walihongwa, na bila wao siwezi hata kupata mafua nikapona. Huwezi kufukuza walinzi wote wa kijiji kwa sababu wawili walikula kitimoto. Wale vijana warudisheni kwenye zamu. Ila wabadilisheni upande."

Wakawarudisha. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akimletea Mama kuni muda wote Mwalimu alipokuwa anaumwa.

Mwaka huu baada ya mavuno, nikiwa dukani, mama yule wa Nakonde anachagua mchele, nikasikia, "Neutrofili!"

Nikasimama wima. Alikuwa ng'ambo, anapita katikati ya malori yaliyosimama foleni, tai na gambuti, amepungua mpaka kola ya shati imekuwa kubwa kwa shingo, lakini anatembea mwenyewe. Mama alikuwa nyuma yake na mwavuli. Machozi yalinitoka palepale, sikuona haya.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Usilie, nina haraka. Vipimo vya mwisho viko safi. Daktari anasema nirudi tena, na tena, na nitarudi. Nimekuja kazini."

Mama akanieleza kwa uchovu wa mwanamke aliyepanda mabasi mengi. Tangu alipopata nguvu, Mwalimu alikuwa anazunguka kwa wanafunzi wake wa zamani kusahihisha somo. Alikuwa ametoka kwa Kongosho, aliyeahidi kulisema jambo hilo kanisani. Alikuwa amemsimamisha Wengu kwenye mkutano. Sasa ilikuwa zamu yangu.

"Nimefundisha nusu ya somo miaka yote hiyo," Mwalimu alisema. "Nusu ni tamu, ndiyo maana inadanganya. Nahitaji saratani." Akamgeukia mteja wangu na kumjulia hali kwa Kibemba. "Mama, mulishani?"

"Bwino, ba ticha," akajibu yule mama.

"Naomba uwe saratani kwa muda mfupi."

"Mimi ndiyo ugonjwa?" Mama yule akaweka kikapu chini, akajishika kiuno. "Haya, ba ticha. Nafanya nini?"

"Kaa juu ya gunia lile. Unaita. Ukimwita huyu, mpe kitu chochote kitamu." Akamwelekeza mbeba mizigo wangu, mwanamume mwenye kifua kama mlango. "Wewe ni seli T. Kazi yako ni kumtoa saratani kwenye gunia. Neutrofili, vua sweta!"

Nikavua. Watu wakaanza kusimama, madereva wa malori wakashuka. Mama wa Nakonde akaniita kwa kidole, akatoa kitumbua kwenye mfuko wake, akanipa. Nikauma. Mbeba mizigo akaja na kifua chake, na mimi bila kuambiwa nikatandaza mikono. "Rudi," nikamwambia kitumbua kikiwa mdomoni, "huku kumetulia."

"Hapo hapo!" Sauti ya Mwalimu ikapanda mlima, mpaka juu kabisa. "Mmeona? Aliitwa kulinda. Akafika kwanza. Akageuzwa, na sasa anamzuia mwenye nguvu. Ukihesabu askari utaona wengi, utafurahi, utachinja jogoo. Usihesabu tu! Nenda hospitali mapema, uvimbe ukiwa mdogo. Huko duniani wataalamu wanatafuta dawa ya kuwarudisha hawa waliogeuzwa. Haijafika Ruanda. Ikifika mtaniona wa kwanza kwenye mstari."

"Wa kwanza nyuma ya magunia," alisema Mama, na watu wakacheka hadi barabarani.

Mama wa Nakonde alipiga makofi akiwa bado juu ya gunia, akamshukuru, "Natotela, ba ticha," kisha akaniuliza kama saratani inapunguziwa bei ya mchele.

Mwalimu alinifuata. Alitoa kalamu nyekundu kwenye mfuko wa shati. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, dawa ziliviacha hivyo. Akashika kiganja changu kilekile.

"Uliniuliza swali," alisema polepole, sasa si kwa watu. "Uliniuliza askari si anaweza kuhongwa. Nikakupa sifuri. Wewe ulikuwa mtoto mwenye njaa, na ulikuwa umejibu ambalo mimi sikulijua. Jibu hilo ndilo lililonipandisha basi la Mbeya."

"Nilikuwa nataka kiazi tu, Mwalimu."

"Najua," akasema. Akaandika kumi, polepole, akarudia mstari wa moja ili ukolee. Akainama, akaupuliza, na pumzi yake ilikuwa fupi kuliko zamani. Nikakaza macho kwenye malori ili nisilie tena.

"Usinawe mpaka mama yako aione."

Mama yangu yuko Ruanda, na basi la jioni lilikuwa bado. Mchana ule, mbele ya wateja wangu wote, nilikula ugali kwa kijiko.